Hisa Kumi za Tegeta

Kampuni ya IPTL ilisumbua Bunge, mahakama na marais watano wa Tanzania, lakini hisa zake zote zilikuwa kumi. Saba zilikuwa za Mechmar, kampuni ya Malaysia. Tatu zilikuwa za VIP Engineering and Marketing ya Dar es Salaam. Katika soko la hisa mtu akikutajia hisa kumi utadhani anazungumzia akiba ya mwanafunzi. Hizi kumi zilifungua akaunti iliyokuwa Benki Kuu, na mwishoni mwa mwaka 2013 zikatoka humo zaidi ya shilingi bilioni 306.

Bariadi iko mbali na Tegeta, ilikojengwa mitambo ya umeme ya IPTL. Hakuna mkulima wa Somanda, Kasoli au Nyakabindi aliyewahi kuishika hati ya hisa ya IPTL. Hata hivyo mji huu umo ndani ya kisa hiki tangu fedha zilipogawanywa. Mbunge wake alikuwa miongoni mwa waliopokea mgawo mkubwa kuliko wengine. Wananchi wake walilipa umeme kwa bei iliyopanda wiki chache baada ya akaunti kukaushwa. Na miaka michache baadaye, mbunge kijana aliyelipua kashfa hiyo bungeni aliletwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Simiyu.

Usukumani udanganyifu wa soko unajulikana tangu enzi za mkoloni. Pamba ilipimwa na mnunuzi kwa mzani wake mwenyewe, na karani wa mnunuzi ndiye aliyeandika stakabadhi. Mkulima alifika na mzigo wake baada ya mwendo mrefu, ukapandishwa kwenye ndoano, namba ikatajwa, akalipwa. Akilalamika aliambiwa aubebe mzigo aondoke nao, na kituo kingine kilikuwa siku nzima ya mwendo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walichoka. Wakiongozwa na Paul Bomani, waliweka wapimaji wao vituoni ili kila mzigo upimwe mbele ya macho mengine. Mwaka 1952 wakaunda chama cha wakulima cha jimbo, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika, Victoria Federation, lililokuja kushika ununuzi wa pamba yote ya kanda. Bomani mwenyewe aliteuliwa kuwa Waziri wa Fedha mwaka 1962. Ushirika nao uliingiwa na wezi wa ndani. Tume ya Rais ya mwaka 1966 ililiona hilo, na Victoria Federation ikavunjwa, nafasi yake ikachukuliwa na chama cha ushirika cha Nyanza mwaka 1968. Lakini funzo la mzani lilibaki: bei haina maana kama anayeitaja ndiye pekee anayeuona uzito.

Hisa za kampuni binafsi hazipandishwi kwenye ndoano. Uzito wake umo kwenye karatasi tatu: mkataba wa mauziano, cheti cha kodi, na daftari la wanahisa kwa msajili. Atakayeweza kuandika namba moja kwenye karatasi ya kwanza na nyingine kwenye ya pili, huyo amelishika soko. Ndivyo ilivyotokea kwa hisa saba za Mechmar, na nitalieleza hilo kirefu kwa sababu mjadala mkubwa wa mwaka 2014 ulilipita haraka, ukakimbilia majina ya waliogawiwa.

IPTL iliundwa mwaka 1994, nchi ikiwa gizani. Mabwawa yalikuwa yamekauka, mgawo wa umeme ulikuwa jambo la kila siku Dar es Salaam, na Serikali ilitaka megawati haraka. Tarehe 26 Mei 1995 shirika la umeme, TANESCO, lilisaini mkataba wa miaka 20 wa kununua umeme wa megawati 100 kutoka kwenye mitambo ya mafuta ambayo ingejengwa Tegeta. Benki ya Dunia iliupinga mradi huo, ikiona gesi ya Songo Songo ni njia ya nafuu. Ulijengwa hata hivyo. Ulipokamilika ulizuka ugomvi wa kwanza: wawekezaji walisema umegharimu zaidi ya dola milioni 163, tena injini zilizofungwa hazikuwa za aina iliyoandikwa mkatabani. Kesi ilipelekwa ICSID, baraza la usuluhishi la migogoro ya uwekezaji lililo chini ya Benki ya Dunia, na mwaka 2001 gharama ikashushwa hadi dola milioni 127. Mitambo ikaanza kuzalisha rasmi Januari 2002.

Katika mkataba ule TANESCO ililazimika kulipa tozo ya uwepo wa mitambo kila mwezi, injini ziwake zisiwake. Tozo hiyo ilikokotolewa kana kwamba wanahisa wameweka mfukoni mwao asilimia 30 ya gharama za mradi. TANESCO ilipochunguza ikabaini kwamba hawakuweka mtaji wa kiasi hicho; mradi ulijengwa kwa mkopo wa benki za Malaysia, na kile walichoweka wenyewe kilikuwa kidogo mno. Kwa maneno mengine, Mtanzania alikuwa akilipa faida ya mtaji ambao haukuwepo. Huo ulikuwa udanganyifu wa hisa kabla hisa hazijauzwa kwa mtu yeyote.

Ndipo ikaundwa ile akaunti. Mwezi Julai 2006 Serikali na IPTL walikubaliana kwamba, wakati ugomvi unaendelea, fedha za tozo ziwekwe kwenye akaunti maalumu Benki Kuu, mahali ambapo hakuna upande unaoweza kuzigusa mpaka ijulikane nani anamdai nani. Watu wakaiita Tegeta Escrow. Wakati huo mwanahisa mdogo, VIP, alikuwa amekwishafarakana na mwanahisa mkubwa. Tangu mwaka 2002 alikuwa Mahakama Kuu akiomba IPTL ifilisiwe, akimtuhumu mwenzake kwa kukuza gharama za mradi. Mwaka 2008 mfilisi wa muda aliteuliwa. Na nje ya nchi kulikuwa na mdai mwingine: Standard Chartered ya Hong Kong ilikuwa imeununua mkopo ule wa Malaysia mwaka 2005 kwa dola milioni 76 hivi, ikasema hisa za IPTL ziliwekwa dhamana ya mkopo huo.

Hiyo ndiyo kampuni iliyokuwa sokoni: inadaiwa, imo mikononi mwa mfilisi, wanahisa wake hawasalimiani, na mteja wake pekee anasema ametozwa kupita kiasi. Mtu mwenye akili timamu angezinunua hisa zake kwa shilingi ngapi?

Ripoti ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, PAC, iliyojengwa juu ya ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, ilitoa majibu mawili, na ndiyo yaliyopaswa kulitikisa taifa zaidi ya kitu kingine. Mwaka 2010 Mechmar iliuza hisa zake saba kwa kampuni iitwayo Piper Links, iliyosajiliwa visiwa vya Virgin vya Uingereza, kwa dola milioni 6. Mwaka 2011 Piper Links ikaziuza kwa Pan Africa Power Solutions, PAP, kwa dola milioni 20. Lakini nyaraka zilizopelekwa Mamlaka ya Mapato, TRA, ili kodi ikadiriwe zilionyesha kwamba Piper Links ilinunua kwa shilingi milioni 6 na kuuza kwa shilingi milioni 480. Hisa zilezile, wauzaji walewale, wanunuzi walewale. Dola zikageuka shilingi mlangoni kwa mtoza ushuru.

Kwa nini TRA? Kwa sababu sheria ya kodi ya mapato ilikuwa imeweka kizuizi cha maana sana. Msajili wa makampuni, BRELA, haruhusiwi kubadili jina la mwanahisa mpaka aoneshwe cheti cha TRA kwamba kodi ya ongezeko la mtaji imelipwa. Cheti hicho ndicho kilichosimama badala ya mpimaji wa pamba. Ukikipata kwa bei ya uongo, umeshinda mara mbili: umelipa kodi ya vijisenti kwa mauzo ya mamilioni ya dola, na umepata karatasi halali ya Serikali inayokutambulisha kuwa mmiliki. PAC ikaeleza mengine yaliyotia shaka: hati halisi za hisa za Mechmar hazikuonyeshwa, na kulikuwa na amri ya mahakama ya visiwa vya Virgin iliyozuia hisa hizo kuhamishwa. Mechmar yenyewe ilikuwa imeangukia kwenye ufilisi huko kwao Malaysia.

Kisha zikaja zile tatu. Tarehe 15 Agosti 2013 VIP ilikubali kuziuza kwa PAP kwa dola milioni 75. Hapa naomba msomaji apige hesabu pamoja nami. Hisa saba kwa dola milioni 20 ni chini ya dola milioni 3 kwa kila hisa. Kwa nyaraka za TRA, kila moja haifiki shilingi milioni 70. Hisa tatu kwa dola milioni 75 ni dola milioni 25 kwa kila moja, yaani shilingi bilioni 40 na kidogo za wakati ule. Hata ukichukua ile bei kubwa, hisa ya mwanahisa mdogo ilithaminiwa mara nane na zaidi kuliko hisa ya mwanahisa mwenye sauti ya mwisho. Kati ya mauzo hayo mawili haikufungwa injini mpya Tegeta, wala mteja mwingine hakupatikana. Kwa kawaida hisa nyingi zinazotoa mamlaka ndizo zenye bei, si zile chache.

Maelezo ninayoyaona ni haya. Kilichokuwa kikinunuliwa hakikuwa mitambo. VIP ndiye aliyekuwa na kesi ya ufilisi mahakamani, na kesi hiyo ndiyo iliyoifunga kampuni pamoja na madai yake yote. Aliyezinunua hisa za VIP alikuwa akinunua kuondolewa kwa kufuli. Tarehe 5 Septemba 2013, wiki tatu baada ya mkataba, VIP iliondoa maombi yake, na Jaji John Utamwa wa Mahakama Kuu akaamuru shughuli za IPTL zikabidhiwe PAP, ambayo iliahidi kuwalipa wadai wote halali. Amri hiyo haikutaja kwamba akaunti ya Escrow ifunguliwe. Oktoba, Serikali na IPTL, sasa ikiwa mikononi mwa PAP, zikasaini makubaliano. Novemba na Desemba fedha zikatoka. PAP ililipa hisa za VIP kwa fedha zilizokuwa ndani ya akaunti ambayo haki ya kuigusa ilitokana na hisa hizohizo. Mnunuzi alilipia mali kwa fedha za mali yenyewe.

Katika masoko ya hisa ya dunia mchezo huu una ndugu zake. Kampuni ndogo isiyojulikana huchukuliwa kwa sababu hisa zake ni chache na hakuna anayezifuatilia, bei huwekwa na watu wawili wanaojuana, kisha bei hiyo hutumika kumshawishi mtu wa tatu. Huko Marekani mtu wa tatu huwa ni mstaafu aliyepigiwa simu na dalali. Kwetu mtu wa tatu alikuwa TANESCO, na nyuma ya TANESCO kila mwenye mita ya Luku.

Kumbuka tarehe. Fedha zilimalizika kutoka Desemba 2013. Tarehe 1 Januari 2014 bei mpya za umeme zilizoidhinishwa na EWURA zilianza kutumika, ongezeko la wastani wa asilimia 39. Mteja wa kawaida aliyekuwa akilipa shilingi 221 kwa uniti alianza kulipa 306. Fundi wa kuchomelea geti mjini Bariadi, mwenye mashine ya kusaga, mwenye saluni, kiwanda cha kuchambua pamba, wote walinunua umeme kwa bei hiyo. Sisemi kwamba bei ilipandishwa ili kufidia Escrow. TANESCO ilikuwa na madeni mengi na ukame wake. Ninachosema ni kwamba shirika lililokuja kwa wananchi kuomba asilimia 39 lilikuwa na madai ya zaidi ya shilingi bilioni 300 dhidi ya IPTL kwa kutozwa kupita kiasi, na dhamana pekee ya madai hayo ilikuwa imetoka kuondolewa. Februari 2014 ICSID ilitoa uamuzi kwamba tozo ile ikokotolewe upya. Kwa maana hiyo TANESCO ilikuwa na hoja tangu mwanzo. Uamuzi ulikuta akaunti tupu.

Februari hiyohiyo VIP iligawa fedha kupitia Benki ya Mkombozi. Kwa mujibu wa PAC, Andrew Chenge, Mbunge wa Bariadi Magharibi na Mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti ya Bunge, aliingiziwa shilingi bilioni 1.6. Waziri wa Ardhi, Anna Tibaijuka, aliingiziwa kiasi kama hicho, akasema ni mchango wa shule ya wasichana. Wapo waliopata milioni 40 na ushei, wakiwemo waziri wa zamani wa nishati William Ngeleja, watumishi wa mahakama na viongozi wa dini.

Bariadi haikumshangaa Chenge. Msomi wa sheria wa Harvard, Mwanasheria Mkuu wa Serikali hadi mwaka 2005, kwao alijulikana kama Mtemi. Mwaka 2008 ziliporipotiwa habari za zaidi ya dola milioni moja katika akaunti yake kisiwani Jersey, wakati Waingereza wakichunguza ununuzi wa rada, aliziita vijisenti, akajiuzulu uwaziri wa miundombinu. Hakushtakiwa. Watu wa Bariadi walimchagua tena mwaka 2010. Jirani yake, John Cheyo wa UDP, Mbunge wa Bariadi Mashariki, aliyekuwa mwenyekiti wa PAC kabla ya Zitto Kabwe, nchi nzima ilimjua kwa jina la Bwana Mapesa kutokana na ahadi zake za kampeni. Mji mmoja mdogo wa pamba uliipa nchi majina mawili ya fedha, na mwenye mapesa ndiye aliyekuwa akikagua hesabu.

Bilioni 1.6 ni kiasi gani kwa macho ya Simiyu? Chukua bei dira ya pamba ya msimu wa 2019, shilingi 1,200 kwa kilo, ambayo wanunuzi walishindwa kuilipa kwa wakati na wakulima wakakaa miezi wakisubiri fedha kutoka AMCOS, vyama vyao vya msingi vya ushirika. Kwa bei hiyo bilioni 1.6 ni pamba kilo milioni 1.3 na zaidi. Familia inayovuna kilo 600 kwa msimu ingehitaji zaidi ya misimu 2,000. Hiyo ni kazi ya jembe, ya kupalilia, ya kunyunyizia dawa viwavi, ya watoto kuokota pamba baada ya shule. Upande wa pili ni muamala mmoja wa benki.

Aliyelipua jambo hili bungeni alikuwa David Kafulila, Mbunge wa Kigoma Kusini kupitia NCCR-Mageuzi. Katika kikao cha bajeti cha mwaka 2014 alisimama na nyaraka, akaliendea suala la hisa na akaunti bila kuzunguka. Mwanasheria Mkuu, Jaji Frederick Werema, alimwita tumbili mbele ya Bunge. IPTL na PAP wakamfungulia kesi ya kuchafuliwa jina wakidai shilingi bilioni 310. Hakurudi nyuma. Oktoba wahisani wakazuia misaada ya bajeti ya karibu dola milioni 490. Tarehe 26 Novemba Zitto Kabwe, akiwa na makamu wake Deo Filikunjombe, aliisoma ripoti ya PAC. Wabunge walizungumzia fedha zilizobebwa kwa viroba, sandarusi na lumbesa kutoka benki. Serikali ilishikilia kwamba fedha zile ni za IPTL, si za umma. Tarehe 29 Novemba 2014 Bunge lilipitisha maazimio manane.

Werema alijiuzulu Desemba 16. Desemba 22 Rais Jakaya Kikwete alizungumza na wazee wa Dar es Salaam, akarudia kwamba fedha hazikuwa za umma, lakini akamwondoa Tibaijuka. Profesa Sospeter Muhongo, Waziri wa Nishati, aliondoka Januari 2015. Chenge alikubali kuachia Kamati ya Bajeti, akaitwa mbele ya Baraza la Maadili, na mambo yakaishia kwenye mabishano ya kisheria. Oktoba 2015 wapiga kura wa Bariadi walimrudisha bungeni, na huko akawa mmoja wa wenyeviti wanaoongoza vikao vya Bunge. Kafulila alishindwa kwao Kigoma. Hakuna mahakama iliyowahi kumtia Chenge hatiani kwa fedha za Escrow, na ni haki jambo hilo lisemwe wazi. Ni haki pia kusema kwamba umma haukupewa nafasi ya kusikia shauri hilo likisikilizwa hadi mwisho.

Hasara haikusubiri siasa. Septemba 2016 ICSID iliiamuru TANESCO iilipe Standard Chartered ya Hong Kong dola milioni 148. Mdai aliyerukwa wakati akaunti inafunguliwa alikuwa bado na hukumu yake. Tulilipa kwa PAP, tukatakiwa kulipa tena.

Juni 2017, enzi za Rais John Magufuli, Takukuru iliwafikisha katika Mahakama ya Kisutu mwenyekiti wa PAP, Harbinder Singh Sethi, na James Rugemalira wa VIP, kwa mashtaka ya uhujumu uchumi yakiwemo ya kujipatia kwa udanganyifu dola milioni 22 na shilingi bilioni 309 za Benki Kuu. Mwezi uliofuata Ngeleja alirudisha milioni 40.4 kwa TRA. Washtakiwa walikaa mahabusu miaka minne. Juni 2021 Sethi alikiri kosa kwa makubaliano na Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP, akaamriwa kulipa fidia ya shilingi bilioni 26.9, akaachiwa kwa sharti la kutofanya kosa ndani ya mwaka mmoja. Septemba Rugemalira, aliyeshikilia siku zote kwamba hakufanya kosa, alifutiwa mashtaka. Bilioni 26.9 kwa bilioni 306: ndizo kilo tisa zilizoamriwa kurudi kwa kila mia iliyochukuliwa.

Mwezi mmoja kabla ya Sethi kukiri, Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alimteua Kafulila kuwa Mkuu wa Mkoa wa Simiyu. Alikuwa amehamia CCM mwaka 2017 na kupitia ukatibu tawala wa Songwe. Chenge alikuwa ameangushwa kwenye kura za maoni za chama mwaka 2020, na jimbo la Bariadi likachukuliwa na mhandisi Kundo Mathew. Kwa hiyo ofisi ya mkoa iliyo Bariadi ikakaliwa na yule tumbili wa mwaka 2014. Aliifanya pamba ajenda yake, akazunguka Maswa, Meatu, Itilima na Busega akihimiza tija, na aliondoka mkoani mwaka 2022. Sioni haki yoyote iliyotendeka kwa uteuzi huo, maana cheo hakirudishi fedha. Lakini kwa vijana wa Simiyu waliokulia kwenye jina la Mtemi, ilikuwa mara ya kwanza kumwona mkubwa aliyepata umaarufu kwa kusoma karatasi za watu wengine kwa makini.

Tanzania ina soko la hisa halali. Soko la Dar es Salaam lilianza mauzo Aprili 1998 kwa hisa za TOL, chini ya mamlaka iliyotokana na sheria ya mwaka 1994, sheria inayokataza bei za kupanga na biashara ya siri za ndani. Mwaka 2013, mwaka uleule wa Escrow, soko hilo lilifungua dirisha la kampuni changa, Benki ya Maendeleo ikawa ya kwanza. Huko mwalimu wa Bariadi akinunua hisa mia, bei aliyolipa inaonekana ubaoni siku hiyohiyo. IPTL haikuwahi kupita kwenye ubao huo. Hisa zake ziliuzwa Malaysia, Virgin na Dar es Salaam, mahali ambapo mlinzi pekee alikuwa ofisa wa TRA aliyepokea mkataba ulioandikwa shilingi.

Tangu mwaka 2020 sheria ya makampuni inataka BRELA iandikishe wamiliki halisi, watu wenye nyama na damu nyuma ya majina ya kampuni. Daftari hilo linafunguliwa kwa vyombo vya dola, halifunguliwi kwa mwananchi. Lifunguliwe. Kampuni yoyote inayoiuzia Serikali umeme, pembejeo za pamba au barabara, wanahisa wake na bei ya kila hisa iliyohama vichapishwe, na mkataba uliopelekwa TRA uwe uleule ambao mwandishi wa habari wa Bariadi anaweza kuuomba na kuusoma. Wabunge wa Simiyu ndio wanaopaswa kuipeleka hoja hiyo Dodoma.